Sura ya Tisa: Mtungi Usiotiwa Sukari

Mama Trofimena hakumngoja hata Inspekta Sabato Apicella avue kofia. Alimshika mkono akampeleka moja kwa moja jikoni, akafungua kabati la chini, na kumwonyesha mtungi wa kioo uliofunikwa kitambaa na kufungwa uzi shingoni.

"Haya," alisema. "Mmehangaika na mbwa wenu mlimani, mmehangaika na wapiga mbizi wenu baharini. Mwanangu ndiye huyo hapo."

Ndani ya mtungi mlikuwa na maganda ya malimau yaliyozama kwenye spiriti, na spiriti yenyewe ilikuwa imeshageuka njano. Hakuna nyumba hapa kwetu Cetrano isiyokuwa na mtungi wa namna hiyo, wa kutengenezea pombe ya malimau. Apicella alikuwa na miwili kwake, na mkewe alishamkataza kuigusa.

"Pantaleone yumo kwenye mtungi, mama?"

"Usinifanyie masihara, Sabato. Toa ganda moja ulitazame."

Aliomba uma. Alichoma ganda la juu akalivuta, nalo likaja, likaendelea kuja, likaning'inia mpaka kwenye meza. Lilikuwa utepe mmoja mwembamba, kuanzia kikonyo cha limau mpaka chuchu yake, halikukatika popote, na halikuwa na hata alama ya ile nyama nyeupe ya ndani ambayo hufanya pombe iwe chungu. Akatoa la pili, likawa hivyohivyo. La tatu pia. Apicella akavuta kiti akaketi.

Kijiji kizima kilimjua mtu mmoja tu aliyemenya limau kwa utepe mmoja namna ile. Sisi wengine tunamenya vipande vipande, na tukishakunywa glasi mbili ndiyo basi tena. Pantaleone Gambardella, mtoto wa kwanza wa Mama Trofimena, alikuwa akifanya hivyo mbele ya watu sikukuu ya mtakatifu wetu, huku anaongea na kuangalia pembeni, na watu wanawekeana dau la chakula cha jioni. Mdogo wake, Aniello, alijaribu maisha yake yote, na ganda likamkatikia kila mara.

Na Pantaleone hakuwa ameonekana tangu Januari. Wawili hao waligombania matuta ya malimau yaliyojengewa kuta za mawe mlimani, waliyoachiwa na baba yao. Mkubwa alitaka kumuuzia mwenye hoteli, mdogo akasema labda azikwe kwanza. Asubuhi moja ya mvua walipanda juu pamoja, na Aniello akashuka peke yake. Koti lake lilikutwa na damu ya kaka yake. Alieleza kwamba walipigana, kwamba alimvunja kaka yake pua, na kwamba Pantaleone alitukana ukoo mzima kisha akashika ngazi za mlimani akaenda zake. Mwili haukupatikana. Apicella ndiye aliyemfunga pingu Aniello mwezi wa pili, mtu aliyecheza naye mpira utotoni, na wiki inayofuata kesi ilikuwa inaanza Salerno.

"Alikuja lini?" aliuliza.

Mama Trofimena alieleza bila kusitasita. Pantaleone alikuja mwezi wa tano, alfajiri, amevaa koti ambalo mama hakulijua. Hakusema anaishi wapi. Aliketi kwenye kiti kilekile alichokalia Inspekta, akamenya kapu zima la malimau, akamwambia mama atie spiriti, kisha akaondoka kabla majirani hawajaamka. Alimwapisha kwa kaburi la baba yake asimwambie mtu.

"Na leo umesema."

"Leo mnataka kumfunga ndugu yake maisha. Marehemu mume wangu atanielewa, na asiponielewa tutamalizana hukohuko."

Apicella alimtazama mikono. Ilikuwa imevimba viungo, na alipomletea kahawa kikombe kiligonga kisahani njia nzima kutoka jikoni mpaka mezani.

"Wewe huwezi kumenya hivi, mama?"

"Na mikono hii? Siwezi hata kufunga vifungo vyangu mwenyewe."

Alionja kahawa ikawa chungu, akaomba sukari. Mama Trofimena alisema imeisha, anywe hivyohivyo, kwani yeye ni mtoto? Akanywa. Alikuwa na furaha, na hakuona haya kuwa nayo. Tangu mwezi wa pili alikuwa akiomba apatikane mtu wa kumwambia amekosea, na sasa mtu huyo alikuwa mama wa wote wawili. Kama Pantaleone alimenya malimau mwezi wa tano, basi Aniello hakuua mtu, na mama huyu alikuwa na watoto wake wote. Kila kitu kilikuwa kwenye mtungi ule.

Lakini furaha si ushahidi. Aliuliza spiriti ilitoka wapi, akaonyeshwa chupa tupu chini ya sinki. Akaitia kwenye mfuko pamoja na utepe mmoja, akashuka ngazi kwenda dukani kwa Consiglia.

Consiglia ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta wa Mama Trofimena, na duka lake ndilo pekee kijijini linalouza spiriti. Alimpokea kwa kumuuliza kama amekuja kumkamata au kununua, maana mkewe ana deni la maneno, hajapita kusalimia wiki nzima. Apicella alimwekea chupa kwenye kaunta. Consiglia aliigeuza mara moja tu. Lebo ile yenye limau la bluu ilikuwa mpya, alisema, na aligombana na msambazaji kwa ajili yake, kwa sababu nani aliwahi kuona limau la bluu? Makatoni ya kwanza yenye lebo hiyo yalifika baada ya Pasaka. Mama Trofimena alinunua mwezi wa tano, na Consiglia mwenyewe alimbebea mpaka mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya Aniello kufungwa, chupa kama ile haikuwapo Cetrano nzima. Mtungi haukuwa wa zamani. Apicella alirudi kwenye gari akampigia simu Bi Imparato, mwendesha mashtaka.

"Unaniletea maganda ya malimau, Inspekta?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Nakuletea mtu aliye hai."

Kisha Bi Imparato akasema kwamba hapendi, lakini hawezi kulipuuza. Amwone mshtakiwa, amweleze, asikie anasema nini. Habari hiyo ikisimama, yeye mwenyewe ataandika barua ya kumwachia kabla kesi haijaanza.

Gerezani Salerno walimletea Aniello kwenye chumba chenye meza iliyofungwa kwa skrubu sakafuni. Alikuwa amekonda, na mikono yake ya mkulima ilikuwa imelainika kwa kukaa bure. Apicella alimsimulia yote: kabati, mtungi, utepe, lebo ya bluu. Alisimulia haraka, kwa sababu alitaka kuuona uso wa mwenzake ukibadilika.

Uso haukubadilika.

"Mama ameshatia sukari?" aliuliza.

"Nini?"

"Kwenye mtungi. Ameshatia sukari?"

"Bado. Maganda bado yamo."

Aniello aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akabaki hivyo. Apicella alidhani ni ahueni imemzidi. Alimwambia amwite wakili wake, kwamba anaweza kutoka, kwamba hajaelewa nini?

"Nimekuelewa, Sabato," alisema bila kuinua kichwa. "Mwambie askari anirudishe ndani."

Njia nzima ya kurudi, kona baada ya kona juu ya bahari, swali lile halikumtoka kichwani. Mtu anaambiwa kaka yake yu hai na kwamba atafunguliwa, naye anauliza habari za sukari. Apicella alianza kulifikiria kama mtu anayejua kazi yenyewe, si kama polisi. Maganda hukaa kwenye spiriti mwezi mmoja, hata pungufu. Yakishatoa rangi na harufu yote, unayachuja, unapika shira ya maji na sukari, inapoa, unachanganya. Hiyo ndiyo pombe. Kabla ya shira ni dawa ya kuosha vidonda tu. Sasa Julai ilikuwa inayoyoma, na maganda ya mwezi wa tano yalikuwa bado yamo. Alisimamisha gari pembeni akautoa ule utepe kwenye mfuko. Ulikuwa umepauka, na alipoukunja ncha ikavunjika kama karatasi kavu.

Mtoto anayejifunza angeweza kusahau mtungi kabatini. Mama Trofimena hakusahau mtungi tangu alipoolewa.

Alipofika dukani Consiglia alikuwa anafagia mbele ya mlango. Apicella alimuuliza mara ya mwisho Mama Trofimena kununua sukari ilikuwa lini.

Consiglia alicheka kwanza. Sukari? Huyo mama hajagusa sukari tangu Krismasi. Yeye alidhani daktari amemkataza, akamuuliza, akajibiwa kwamba daktari ni mshenzi lakini hajakataza kitu. Kahawa anakunywa chungu, na biskuti anazirudisha.

"Hata Pasaka hakupika keki," alisema Consiglia. "Ilibidi nimpelekee ya kwangu."

"Ukampelekea keki ya Pasaka."

"Mtu ana mtoto gerezani, Sabato, nimwache hivihivi? Nilikuwa naogopa atanirushia usoni."

"Akairusha?"

"Aliipokea. Aliipokea kwa mikono miwili, akanibusu..."

Hapo Consiglia aliacha kufagia. Ufagio ulibaki mkononi. Alikuwa amesikia mwenyewe alichosema.

Kila mwanamke wa huku kwetu anajua sheria hiyo, ingawa hakuna aliyeiandika. Pasaka kila nyumba inapika keki yake ya ngano na jibini, na kila nyumba inajisifu kwamba yake ndiyo keki. Nyumba yenye msiba haipiki. Nyumba yenye msiba haitengenezi kitu kitamu mwaka mzima, na majirani ndio wanaoipelekea. Ukimpelekea keki mama ambaye watoto wake wako hai, umemtabiria kifo, na atakufungia mlango mpaka uzeeni. Baba yake Apicella alipofariki, meza yao ilijaa keki za watu, na mama yake alikaa mbele yake akalia kwa kila moja. Hilo alilikumbuka vizuri kuliko mazishi yenyewe.

Nguo hazikuweza kumsema Mama Trofimena. Alivaa nyeusi tangu alipofiwa na mume, na nyeusi juu ya nyeusi haionekani.

"Nilidhani ni kwa ajili ya Aniello," alisema Consiglia polepole.

"Jela si kifo, Consiglia."

"Si kifo," alisema, akaanza kulia palepale mlangoni. "Mungu wangu. Tangu Pasaka anajua."

"Nipe kilo moja ya sukari," alisema Apicella.

Mama Trofimena alikuwa anachambua maharage. Apicella aliweka pakiti ya sukari mezani, akautoa mtungi kabatini akauweka karibu yake. Alimwambia kwamba Bi Imparato amekubali, kwamba karibu kila kitu kiko tayari. Yote hayo yalikuwa kweli kiasi. Kisha akasema maneno ambayo baadaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba aliyasema.

"Maganda yamechoka, mama. Tuimalizie leo. Pantaleone akirudi akaikuta haijatiwa shira, si atakucheka?"

Mama Trofimena aliitazama sukari. "Atanicheka," alisema.

Alinyanyuka. Alichuja maganda kwenye kitambaa, akayakamua, akayatupa. Alipima maji kwa jicho, akabandika sufuria, akawasha gesi. Yote aliyafanya sawasawa na kwa haraka, kama alivyoyafanya miaka yote. Alirarua pakiti kwa meno. Akanyoosha mkono juu ya sufuria, na mkono ule uliokuwa ukigongesha vikombe ukatulia tuli, na sukari haikumwagika.

Maji yalianza kuchemka.

"Mimina, mama."

"Hayajachemka."

"Yanachemka."

Alisimama hivyo mpaka mvuke ukamlowanisha mkono wa gauni. Kisha aliiweka pakiti mezani kwa uangalifu ili isianguke, akazima gesi, akaketi.

"Ni ile keki ya Consiglia," alisema.

"Keki, na kahawa. Na Aniello. Nilipomwambia habari za mtungi, aliuliza kitu kimoja tu: kama umeshatia sukari."

Mama Trofimena alifunga macho. "Kumbe alikuwa hajui kwamba ninajua," alisema. "Na sasa amejua. Umemwambia wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Apicella alimuuliza ni nani aliyemfundisha Pantaleone kumenya. Mama Trofimena alichukua limau kwenye kapu na kile kisu chake kidogo cha mpini wa mbao, akaanza kwenye kikonyo, na utepe ukashuka mapajani mwake bila kukatika. Alisema mikono inatetemeka kwenye mambo mengine yote, lakini hili inalijua yenyewe. Ilimchukua usiku na mchana kumaliza kapu lile mwezi wa tano, akipumzika akianza tena, na kila utepe uliokatika aliula ili usionekane.

Halafu alieleza mengine, akiliangalia limau lililovuliwa. Siku ile aliwaona dirishani wakipanda wawili. Alimwona mmoja akishuka, akinawa kwenye birika la maji la kule juu matutani, akinawa muda mrefu kwenye baridi ile. Kesho yake Aniello alipanda tena, mvua ikinyesha, akajenga ukuta wa tuta la mwisho uliokuwa umebomoka tangu vuli.

"Hakuna mtu anayejenga ukuta wa mawe mvua ikinyesha, Sabato. Udongo unakimbia wote. Nilimtazama siku nzima. Jioni nikampikia supu, akala. Sikumuuliza, naye hakuniambia. Tulikaa hivyo mpaka ulipokuja na pingu zako."

"Ungemimina tu," alisema Apicella. Sauti yake haikuwa ya polisi tena. "Sukari kidogo tu, mama. Ningeondoka hapa nikasaini."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Mama Trofimena alifikiri kana kwamba ndiyo kwanza anajiuliza.

"Nilikwisha kubaki na mmoja," alisema. "Nilitaka nikupe wa uongo, ili unirudishie wa kweli. Wewe nilikudanganya, na padri nilimdanganya, na hakimu ningemdanganya huku nimeshika msalaba. Lakini kupika kitu kitamu humu ndani, na mwanangu yuko chini ya mawe hata hajaombewa? Hiyo isingekuwa kuwadanganya nyinyi. Hiyo ingekuwa kumkana yeye."

Kwa muda Apicella alifikiria kuirudisha kofia kichwani na kuondoka. Ukuta ungekaa. Lakini Consiglia alikuwa analia mlangoni mwa duka, na kabla ya chakula cha jioni kijiji kizima kingejua kwa nini. Alitoa simu akaita watu wenye mitaimbo.

Waliuvunja ukuta wa tuta la mwisho kuanzia juu, jiwe moja moja. Kutoka jikoni kila jiwe lilisikika likiangukia lenzake. Mama Trofimena aliendelea kuchambua maharage, na mawe yaliponyamaza naye aliacha. Walikuwa wamempata.

Wanawake walianza kuja jua likiwa bado halijazama, Consiglia mbele, na mabirika ya kahawa na supu iliyofunikwa. Hakuna aliyebeba sukari. Kwa mara ya kwanza tangu Januari Mama Trofimena aliweza kuomboleza bila kujificha, akawapokea mmoja mmoja mlangoni, akawaonyesha pa kukaa.

Bi Imparato alipiga simu kumpongeza Apicella. Alisema kesi iliyokuwa inayumba sasa imesimama, na hata kama mama atakataa kutoa ushahidi, ule mtungi unatosha kuonyesha kwamba nyumba nzima ilijua. Apicella alisema asante, akakata.

Aliporudi jikoni kuuchukua, Mama Trofimena alimshika mkono wa koti.

"Usiimwage," alisema. "Malimau yalikuwa mazuri. Kwako hakuna msiba, mwanangu. Itie sukari wewe."

Aliuweka mtungi kwenye kiti cha mbele cha gari, akaufunga mkanda usimwagike. Kituoni aliubandika karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Kielelezo cha kwanza, dhidi ya Aniello Gambardella.